Oili ya difu ya nyuma: imwage mwenyewe, kisha isome

Mwenye pikapu ukimwuliza alibadilisha lini oili ya injini, atakutajia mwezi, aina ya oili na pengine hata rangi ya kopo. Mwulize kuhusu oili ya difu ya nyuma. Atanyamaza kidogo, kisha atasema, "Ile si ipo tu?" Na kweli ipo. Kwa wengine ni ile ile iliyotiwa kiwandani. Imekaa kule nyuma, katikati ya ekseli, ndani ya bonge la chuma linalopigwa matope, mawe na maji kila siku, haina stiki ya kupimia, haina geji, wala haina taa kwenye dashibodi ya kukwambia kwamba imechoka. Dalili ya kwanza wanayoipata wengi ni mlio, na difu ikishaanza kulia ujue meno au beringi zimeshaliwa.

Mimi kazi hii huifanya mwenyewe nyumbani, na naipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya chini ya gari. Haitaki ufundi mkubwa. Inataka spana inayofaa, beseni, pampu ya mkono na muda usio na haraka. Ila sababu inayonifanya nisimkabidhi mtu ni hii: oili inayotoka ndiyo habari kubwa utakayoipata kuhusu hali ya ndani ya difu bila kuibomoa. Kwenye gereji yenye foleni ya magari, habari hiyo huishia kwenye pipa la oili chafu kabla mwenye gari hajaiona.

Tuangalie kwanza kilichomo. Propela, ule mhimili mrefu wa chini ya gari, inaleta mzunguko kutoka kwenye giaboksi kwa kufuata urefu wa gari, na magurudumu yanautaka mzunguko huo ugeuke nyuzi 90. Kazi hiyo inafanywa na pinioni, gia ndogo iliyo mwisho wa propela, ambayo huisukuma krauni, ile gia kubwa ya duara. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni meno 10, propela itazunguka mara 4.1 ndipo gurudumu limalize mzunguko mmoja. Mwendo umepungua, nguvu ya kuvuta imeongezeka. Kwenye nyumba iliyofungwa juu ya krauni mna gia nyingine ndogo, na hizo ndizo difu yenyewe, zinazoruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Wazo hilo ni kongwe kuliko injini ya petroli. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alikuwa nalo tangu miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke.

Kinachoifanya oili ya humu iwe tofauti na oili nyingine zote za gari ni pale pinioni inapokutana na krauni. Zamani pinioni ililenga katikati ya krauni. Miaka ya 1920, kampuni ya Gleason ya Rochester, New York, ilileta gia za haipoidi, ambazo pinioni yake imeshushwa chini ya mstari wa katikati. Propela ikashuka, sakafu za magari zikashuka nayo, meno mengi zaidi yakawa yanashikana kwa pamoja na mlio ukapungua. Lakini kuna kilicholipwa. Meno ya haipoidi huviringika na papo hapo huteleza moja juu ya jingine, huku yamebanwa na nguvu ya kusukuma gari pamoja na mzigo wake. Kwa mbano wa namna hiyo, oili ya kawaida hufukuzwa, chuma kikabaki kinasuguana na chuma.

Ndiyo maana oili ya difu hutiwa kemikali zenye salfa na fosforasi. Joto likipanda pale meno yanapogusana, kemikali hizo hushikana na chuma na kuacha utando mwembamba sana juu ya jino. Unaoliwa ni ule utando, jino linabaki. Utando hulika, hujijenga upya, hulika tena, muda wote gari linapotembea, na kila unapojijenga, akiba ya kemikali inapungua. Ile harufu kali inayong'ang'ania nguo na mikono hata baada ya kuoga ni ya hiyo salfa. Mimi huvaa shati ambalo sina mpango wa kulivaa tena mbele za watu.

Kwenye kopo tafuta maandishi API GL-5. Hicho ndicho kiwango cha difu za haipoidi. GL-4 ina takribani nusu ya kemikali hizo na imekusudiwa giaboksi za mkono. Watu husema "oili ya gia ni oili ya gia" na kutia moja kila mahali, lakini salfa ya baadhi ya oili za GL-5 hushambulia shaba iliyomo kwenye giaboksi, na GL-4 ndani ya difu ya haipoidi ni kinga pungufu kwa meno yanayobeba mzigo mzito. Fuata kitabu cha gari.

Halafu kuna namba. 75W-90, 80W-90, 75W-140, 85W-140. Namba yenye W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi, na ya pili uzito wake ikishapata moto. Kuna hofu moja naisikia mara nyingi, kwamba oili namba 90 ni nzito mno, ni mara mbili ya ile namba 40 ya injini. Sivyo. Oili za gia na oili za injini hupimwa kwa mizani mbili tofauti. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya gia namba 90 na oili ya injini namba 40 au 50 zinakaribiana sana kwa uzito. Anayebeba mizigo mizito au kuvuta trela mara kwa mara anaweza kukuta kitabu chake kinataka 140, na hapo ndipo uzito unapopanda kweli.

Kabla ya kununua chochote, jua difu yako ni ya aina gani. Baadhi ya pikapu zina difu yenye klachi ndani, inayozuia gurudumu moja lizunguke bure kwenye utelezi. Nyingi za aina hiyo zinataka dawa ya ziada ya kulainisha mshiko wa klachi, na kuna oili zinazouzwa zikiwa tayari zimechanganywa nayo. Ukiikosa, gari litatetemeka na kugugumia nyuma kila unapokata kona taratibu, nawe utadhani umeharibu kitu.

Maandalizi. Endesha gari dakika 10 hadi 15 ili oili ipate uvuguvugu na chembe zilizotulia chini zichanganyike nayo. Oili baridi hutoka kwa uvivu na kuacha nusu ya uchafu ndani, na ya moto sana itakuunguza mkono. Kisha paki mahali tambarare. Kipimo cha ujazo ni ukingo wa chini wa tundu la kujazia, kwa hiyo gari likiinama mbele au nyuma, kipimo kitakudanganya. Uzuri ni kwamba pikapu nyingi ziko juu kiasi kwamba mtu huingia chini bila jeki kabisa. Ukiweza kufanya hivyo, fanya, utajiepusha na hatari kubwa kuliko zote za kazi hii.

Kama huna budi kuinua, nisikilize hapa. Hendibreki ya pikapu nyingi hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma yote, hendibreki imeshika magurudumu yanayoning'inia hewani, na ya mbele yako huru. Kuweka gari kwenye gia, au kwenye P kama ni otomatiki, nako hakutoshi, na sababu iko ndani ya difu yenyewe. Gia inaizuia propela. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, propela imesimama lakini zile gia ndogo za ndani bado ziko huru, na lile lililobaki chini linaweza kuviringika huku lililo hewani likizunguka kinyume chake. Gari linatembea na propela haijasogea hata kidogo. Kwa hiyo weka kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha stendi za chuma chini ya ekseli pande zote mbili. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa sekunde ya kuokota spana.

Likiwa juu ya stendi, hendibreki imeachiwa na gari liko kwenye gia, zungusha gurudumu moja kwa mkono umtazame mwenzake. Likizunguka kinyume, una difu ya kawaida. Likikataa, au likizunguka kwa ubishi mkubwa, kuna klachi au loki ndani. Ni jaribio dogo linalokupa picha tu, kwa kuwa klachi zilizolika nazo huachia. Neno la mwisho ni la kitabu, au la kibandiko cha kiwanda.

Sasa sheria ambayo sitaki msomaji wangu aisahau: fungua kwanza kizibo cha kujazia, kile cha juu. Usiguse cha chini mpaka cha juu kimetoka. Vizibo hivi hukaa miaka bila kufunguliwa, hushika kutu, na kona zake huliwa na spana mbovu. Ukimwaga oili kwanza halafu kizibo cha juu kikagoma, utabaki na gari lisiloweza kutembea wala kujazwa. Kikigoma cha juu kabla hujamwaga, hujapoteza kitu. Kusanya vifaa vyako, endesha gari mpaka kwa fundi mwenye moto wa gesi.

Safisha eneo lote kwa brashi ya waya kwanza, ili mchanga usidondokee ndani. Tumia soketi ya pembe 6 inayokaa sawasawa, na usitumie spana ya kurekebisha. Kama kizibo kina tundu la alenki (ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani ya kizibo), chokonoa uchafu wote uliojaa tunduni kisha gonga alenki kwa nyundo mpaka izame kabisa, maana tundu likishalika ndani kazi imebadilika sura. Dawa ya kulegeza kutu ikipuliziwa usiku wa kuamkia kazi husaidia sana.

Kizibo cha juu kikishatoka, weka beseni, fungua cha chini, ondoa mkono. Acha oili imwagike mpaka ibaki matone. Hapa ndipo wengi huenda kufanya jambo jingine. Mimi hubaki, kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo.

Vizibo vingi vya kumwagia vina sumaku ndani. Kigeuze mwangani. Utakuta kitu cha kijivu kilichosimama juu ya sumaku, kimechongoka vinywelea. Kishike kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue polepole. Kama ni laini kabisa, hakikwaruzi, kinapakaa ngozi rangi ya risasi, basi huo ni ulaji wa kawaida wa meno yanayoteleza, na sumaku imefanya kazi yake. Kama vidole vinahisi chembe, futa vyote kwenye kitambaa cheupe na uzitazame. Vipande vyembamba vya kung'aa vilivyobanduka mithili ya magamba ya samaki ni uso wa beringi au wa jino unaochubuka. Kipande kinene chenye kona, kinachoonekana wazi kwamba kilikuwa sehemu ya kitu, ni jino lililovunjika, na gari hilo lisirudi barabarani mpaka difu ifunguliwe.

Kisha tazama oili yenyewe. Weusi peke yake usikutishe, oili ya difu iliyofanya kazi huwa nyeusi au kahawia iliyokolea. Oili iliyobadilika kuwa nyeupe-nyeupe, iliyovurugika, ina maji. Oili yenye harufu ya kuungua imepita kwenye joto kubwa, na chanzo huwa ni mzigo uliozidi, oili pungufu, au beringi iliyokazwa mno. Chovya kijiti safi, kiinue juani, geuzageuza. Ukiona mng'ao wa fedha unaoelea ndani ya oili nzima, chuma kinasagwa kwa wingi kuliko sumaku inavyoweza kukamata.

Na pima kilichotoka. Pikapu nyingi huchukua kati ya lita 2 na 4, na kitabu cha gari lako kina namba kamili. Imetoka nusu? Iliyobaki ilienda wapi? Angalia sili ya pinioni, ile ringi ya kuzuia oili isitoke, pale propela inapoingia, kisha angalia ndani ya magurudumu ya nyuma. Sili ya ekseli ikivuja, oili huingia kwenye breki za dramu, na hapo tatizo lako limeshatoka kwenye difu likawa la kusimamisha gari.

Ukiwa bado chini, shika mwisho wa propela karibu na difu, ujaribu kuusukuma juu na chini. Mchezo mdogo wa kuzunguka kushoto na kulia ni wa kawaida, meno lazima yawe na nafasi kati yao. Kucheza juu na chini, au kuingia na kutoka, ni beringi ya pinioni.

Si kila difu ina kizibo cha chini. Toyota Hilux nyingi zina vizibo viwili, lakini pikapu nyingi za Kimarekani zilitengenezwa bila cha kumwagia, kwa hiyo hufunguliwa mfuniko wa nyuma. Legeza boliti zote, toa za chini na za pembeni, uache mbili za juu zikiwa zimelegea ili mfuniko usikuangukie, halafu ubandue kwa chini. Oili itatoka kwa fujo, weka beseni pana. Ni kazi chafu zaidi lakini mimi naiona bora, kwa sababu unaona kwa macho. Zungusha gurudumu ukague meno ya krauni moja moja, ukitafuta mashimo, michubuko, na rangi ya buluu ya chuma kilichopata joto kupita kiasi. Kurudishia, kwangua gasketi ya zamani mpaka chuma kiwe safi pande zote mbili, kikavu kisicho na chembe ya oili, kisha weka gasketi mpya au silikoni inayohimili oili ya gia, kwa mstari mwembamba unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti. Kaza kwa mkingamo. Silikoni ipewe muda ulioandikwa kwenye tyubu yake kabla ya kutia oili, na muda huo usiupunguze.

Kujaza ni rahisi. Rudisha kizibo cha chini pamoja na washa mpya, ile ringi inayokaa chini yake, kaza kwa kipimo cha kitabu, kisha sukuma oili mpya kwa pampu kupitia tundu la juu mpaka ianze kuchuruzika ukingoni yenyewe. Hapo acha. Subiri imalize kuchuruzika, funga. Anayeongeza zaidi kwa kuinamisha gari anadhani anaifadhili difu, kumbe oili ikipata moto hutanuka, hupigwa povu na krauni, kisha hutafuta njia ya kutokea. Njia hiyo mara nyingi ni sili.

Nifike kwenye kitu ambacho hata mafundi wazuri hukiruka, nacho ni kipumulio. Juu ya ekseli kuna kikofia kidogo, au mpira mwembamba unaopanda kwenye chasi. Hewa ndani ya ekseli hutanuka difu inapopata moto, na hutokea hapo. Kikizibwa na matope, presha hupanda ndani na kusukuma oili kupitia sili. Tena hebu fikiria gari lililotembea mwendo mrefu, ekseli imechemka, kisha likaingia kwenye maji ya mto. Chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, ekseli inavuta. Kama kipumulio kimezibwa, au chenyewe kimezama, yatavutwa maji, na yatapita kwenye sili zilizotengenezwa kuzuia oili isitoke. Sehemu kubwa ya ile oili nyeupe-nyeupe huanzia hapo. Kwa hiyo kila ninapobadilisha oili, nakitoa kipumulio, nakisafisha, nahakikisha hewa inapita, nakirudisha. Anayevuka maji mara kwa mara aunganishe mpira mrefu unaopanda juu. Na ekseli ikishazama, ifunguliwe uone oili, kilomita zozote ilizotembea.

Kuhusu muda, ratiba nyingi za viwanda huangukia kati ya kilomita 40,000 na 80,000, na hushuka sana kwa gari la mizigo, la trela au la barabara za vumbi. Baadhi ya watengenezaji wanasema oili ya difu haibadilishwi maisha yote ya gari. Mimi siafikiani nao. Kemikali zinazojenga ule utando hutumika na kuisha, na kijivu kile nilichokishika kwenye sumaku hakiendi popote mpaka mtu akitoe. Difu iliyofungwa krauni na pinioni mpya ndiyo inayohitaji kubadilishwa mapema kuliko zote. Wafungaji wengi hutaka oili ya kwanza imwagwe baada ya takribani kilomita 800, kwa sababu meno mapya yanapozoeana hutoa chuma kingi.

Oili ya zamani irudi kwenye makopo ile mpya ilimotoka, ifungwe, ipelekwe panapopokea oili chafu. Usiimwage mtaroni wala usipake mbao. Kisha endesha gari mzunguko mfupi, rudi, ingia chini na kitambaa kikavu, upitishe kuzunguka vizibo vyote viwili. Rudia kesho yake asubuhi, oili ikiwa imepoa. Pakiwa pakavu, chukua kalamu ya rangi na uandike juu ya nyumba ya difu, palipo safi: tarehe, kilomita, aina ya oili, lita zilizotoka na lita zilizoingia. Mimi huongeza pia neno moja kuhusu sumaku, "laini" au "chembe", ili atakayefungua mara nyingine, awe mimi au mtu mwingine, awe na kitu cha kulinganisha.